Nyumba ya Brazzaville Iliyoondoka kwa Vipande

(Maneno ya komite mbele ya wanamemba na wafadhili, katika mkutano mkuu)



Kila mkutano tunahesabu: bati ngapi zimegawanywa, jamaa ngapi zimerudi, likelemba imefika wapi. Hesabu hizo mtazisikia nyuma ya chakula. Kwanza tunataka tuongee juu ya nyumba moja tu, na si ya huku kwetu. Ilikuwa Brazzaville, ng'ambo ya mto, kuangaliana na Kinshasa. Mtaona wenyewe namna gani inatuhusu.

Aliyeitengeneza ni Jean Prouvé, Mfaransa aliyezaliwa 1901, fundi wa chuma wa mji wa Nancy. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Ufaransa ilitafuta nyumba za watumishi wake katika makoloni ya Afrika. Prouvé akawaza hivi: nyumba yote itengenezwe kule Ufaransa kwa chuma na aluminiamu, vipande vipangwe bapa ndani ya ndege, halafu vikaunganishwe kwa buloni huko vinakofika. Kila kipande kilikuwa chepesi, watu wawili waliweza kukibeba. Waliiita Maison Tropicale, maana yake nyumba ya nchi za joto. Zilisimamishwa 3 tu: moja Niamey, nchini Niger, 1949, na mbili Brazzaville, 1951. Hazikuongezeka, sababu bei ilikuwa kali, na wakubwa wa koloni hawakupenda sura yake.

Lakini ilikuwa nyumba ya akili. Baraza ilizunguka pande zote, na mbao za aluminiamu zilikata jua mbele halijagusa ukuta. Paa lilikuwa la tabaka mbili: hewa ya moto inapita katikati, inapanda, inatokea juu. Vidirisha vya mviringo vilikuwa na kioo cha buluu cha kupunguza ukali wa mwangaza. Sisi tunaolala chini ya bati moja, saa saba ya mchana tunajua hiyo ni kitu gani.

Miaka ikapita. Uhuru ulikuja 1960, na nyumba zikabaki pale pale. Vita ya Brazzaville ya miaka ya 1990 ikazikuta, risasi zikatoboa chuma, kutu nayo ikafanya kazi yake. Karibu mwaka 2000 akafika mfanyabiashara wa vitu vya zamani kutoka Paris, Éric Touchaleaume. Akanunua, akafunguza buloni, akapakia. Namna zilivyokuja, njo vile zilivyoondoka: kwa vipande. Ile ya Niamey nayo ikaenda.

Kule Ufaransa zikatengenezwa upya. Tarehe 5 Juni 2007, ile kubwa ya Brazzaville ikauzwa New York, kwa mnada wa Christie's, dola 4,968,000. Mwaka 2008 ikasimamishwa London, mbele ya Tate Modern, watu wakaitembelea. Nyingine ya Brazzaville ilitolewa zawadi kwa Centre Pompidou ya Paris. Na kwenyewe kulibaki nini? Mahali patupu. Msanii Ângela Ferreira, mzaliwa wa Msumbiji, alikwenda Brazzaville na Niamey kupiga picha ya pale mahali, akaonyesha kazi yake Venice 2007. Manthia Diawara wa Mali akafanya filamu, 2008, akauliza watu waliobaki wanafikiri nini.

Wandugu, hapa hatutaki kuhukumu haraka. Kuna wanaosema: kama yule mtu hangefika, kutu ingeimaliza, leo hakuna hata kipande. Neno hilo lina uzito. Na hatusemi iliibiwa, sababu ilinunuliwa. Lakini bei ya Brazzaville na bei ya New York si bei moja. Chuma ni kile kile, matobo ya risasi ni yale yale. Kilichoongezeka ni nini? Ni ujuzi. Upande mmoja kulikuwa michoro, picha, mwaka, jina la fundi. Upande mwingine kulikuwa nyumba ya bati imezeeka. Mwenye historia ya kitu njo mwenye kupanga bei yake.

Sasa tuje kwetu. Wengi wetu tulirudi kutoka kambini tukakuta kuta bila paa, milango imetolewa, mtu mwingine anaishi ndani. Wengine tulikuta nyumba za matofali ya kuchoma za wababu zetu zingali zimesimama, na vigae na milango ya mbao ngumu ambayo leo hakuna anayeichonga. Na wanunuzi wanapita. Wanamkuta mama mjane ana deni la hospitali, wanaomba mlango, wanaomba vigae. Kesho mvua inaingia, kesho kutwa ukuta unaanguka, na mwaka ujao parseli haina alama ya kuonyesha ilikuwa ya nani. Nyumba ni shahidi. Ikiondoka, shahidi ameondoka.

Njo maana komite inaomba mambo matatu.

Kwanza, usiuze kipande cha nyumba peke yako. Kuja kwanza komite. Kama shida ni deni, likelemba iangalie mbele ya mnunuzi.

Pili, kila jamaa ilete historia ya nyumba yake: nani alijenga, mwaka gani, majirani ni nani, fundi alikuwa nani. Vijana wetu watapima na kupiga picha. Wazee wangali wanaishi, tusingoje matanga.

Tatu, kwenu wafadhili. Bati tunashukuru, na tutaziomba tena, hatuwezi kuficha. Lakini tunaomba kazi ya karatasi za parseli iingie katika bajeti pamoja na misumari. Na pale mnapojenga upya, acheni nafasi ya hewa chini ya paa. Prouvé alilijua jambo hilo 1949.

Hatuombi nyumba zetu ziende kuonekana London. Tunaomba mtoto anayerudi leo aonyeshwe ukuta, aambiwe: huu alijenga babu yako, na karatasi yake ni hii.

Sasa tuingie katika hesabu.