Kupima Waya za Mtandao Kabla ya Kumlipa Fundi

Ndugu wanafunzi wa Mbinga, na ninyi wa kando ya ziwa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, katika wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Leo tutazungumza habari za waya za mtandao, yaani zile zinazopita ukutani na darini kuunganisha kompyuta za nyumba moja. Siku hizi ofisi ya ushirika wa kahawa huwekewa waya hizo, na shule, na zahanati pia. Kamati ya ujenzi ni watu kama ninyi, wakulima na wavuvi. Fundi akimaliza huwaita, nanyi hutia sahihi, na sahihi hiyo ndiyo inayotoa fedha. Basi sharti mjue la kuuliza kabla ya kushika kalamu.

Ukiichuna waya hiyo utaona nyuzi nane za shaba, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Msokoto huo si urembo. Bila huo, habari za jozi moja huingia katika jozi ya jirani, kama maneno yanavyopenya ukuta wa matete. Kwa hiyo fundi anapounga soketi asifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Pimeni kwa rula mwone ni kidogo namna gani. Tena, toka kabati la mitambo mpaka soketi ya ukutani waya isizidi meta 90.

Vyombo vya kupimia ni vya namna mbili, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Cha kwanza ni kidogo, kina taa. Fundi huchomeka huku na huku, taa zinawaka moja mpaka nane, watu wanapiga makofi. Chombo hicho huonyesha kwamba kila uzi umefika mahali pake, basi. Lakini tuseme fundi amechukua uzi mmoja wa jozi ya kijani na mmoja wa jozi ya buluu, akaziunga kana kwamba ni jozi moja, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Taa zote zitawaka, kwani kila uzi umefika. Ila nyuzi hizo hazikusokotwa pamoja, na siku ya kazi habari zitakatika njiani na mashine zitatuma tena na tena. Karani atailaumu kampuni ya simu, au mvua.

Chombo cha pili ni ghali, na mafundi wengine hukikodi. Hicho hupima urefu, nguvu inayopotea njiani, kelele ya jozi moja ndani ya nyingine, na mawimbi yanayorudi nyuma. Kisha hulinganisha na kanuni ya kimataifa. Mojawapo ina namba 11801, ilitolewa kwanza mwaka 1995. Namba ya kanuni iliyotumika itafuteni katika hati. Hati iwe na matokeo ya kila soketi. Soketi 24, mistari 24, wala si kupima tatu na kuzikisia nyingine. Pengine mtaona kinyota kando ya neno la kufaulu. Maana yake waya imefaulu kwa chupuchupu, kwa tofauti ndogo kuliko usahihi wa chombo chenyewe. Mimi ningemtaka fundi aunge upya na kupima tena.

Kuna na waya za bei rahisi ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Kanuni zataka shaba tupu. Kwangueni uzi kwa kisu: ukitokea weupe, msiipokee. Nanyi wa ziwani, waya iliyotengenezwa kwa ndani ya nyumba isifukiwe katika mchanga wenye maji. Maji yakiingia, nguvu inayopotea huzidi, na waya iliyofaulu leo yaweza kushindwa baadaye.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: waya, jozi, soketi, kanuni, hati. Halafu someni kwa sauti mstari huu wa hati ya mfano: “Soketi 7, meta 112, imeshindwa.” Mwelezeni mwalimu wenu kwa nini imeshindwa, na kama kuunga upya soketi hiyo kutasaidia.