Mkono Unaovimba Kisha Kansere ya Matiti: Tusiufiche Chini ya Kikwembe

Mafundisho yaliyotolewa na mfanyakazi wetu wa mitaani kwenye mkutano wa mwezi wa 3, Kolwezi. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa.

 

Prezida aliniomba niseme kidogo juu ya afya. Lakini najua wiki hii akili ya kila mama iko kwa fundi. Tarehe 8 inakaribia, vikwembe vimekwisha kukatwa, na kila mtu anauliza libaya yake itatoka lini. Basi nitaanzia hapo hapo, kwa fundi.

Mwaka juzi, mama mmoja wa chama chetu alienda kuchukua libaya yake ya tarehe 8. Mkono wa kulia uliingia vizuri. Wa kushoto ulikwama kwenye kiwiko. Akakasirika: «Fundi, unaharibu libaya yangu! Vipimo uliviweka wapi?» Fundi akatoa kamba yake ya kupimia. Akampima mkono wa kulia, akampima wa kushoto. Akanyamaza, akapima tena. «Mama, libaya iko sawa. Ni mukono moja ndiyo inapita ingine.»

Mama huyo ameniruhusu kusimulia habari yake, mradi nisitaje jina. Yuko hapa ndani pamoja na sisi. Wengi wenu mliishi naye Meheba, kule Zambia, kwenye kambi iliyofunguliwa tangu 1971 na iliyopokea wengi wa kwetu. Akiwa kule ndipo alipoona kivimbe kwenye titi. Akapelekwa Lusaka, kwenye lopitali ya magonjwa ya kansere iliyofunguliwa mwaka 2007. Walimtoa titi la kushoto, wakamtoa na tezi za kwapani, kisha wakamchoma kwa miale. Alipopona, alirudi nyumbani pamoja na watoto. Sisi wote tulimshangilia: kansere imekwisha, vita imekwisha, sasa ni maisha.

Miaka miwili kisha, mkono ukaanza kuvimba.

Mnajua maneno yaliyofuata. Wengine walisema amelogwa juu alirudi na vitu vya HCR. Wengine walisema ni mguu wa tembo uliohamia kwenye mkono. Wengine wakasema kansere imerudi, sasa ni kungoja tu. Naye akaanza kuvaa kikwembe juu ya mabega, hata mu jua kali la mwezi wa 10.

Na mimi niliyesoma, niliyetumwa kuwatembelea, nilifanya nini? Naungama mbele yenu. Nilimwambia: «Mama, huo mkono usiutumikishe tena. Usibebe kitu, upumzishe.» Nilisema kwa huruma. Lakini mama huyo alikuwa anasukula mawe kule ziwa Malo, karibu na Kapata, na kwa pesa hiyo watoto walikula na kusoma. Aliacha kazi juu ya neno langu. Miezi ikapita, mkono haukupungua, ulizidi kuwa mzito na mgumu. Mtoto wa pili akafukuzwa masomo juu ya minerval. Neno langu moja lisilo na ujuzi lilimletea njaa nyumbani.

Kisha usiku mmoja alipata homa kali, akatetemeka, mkono ukawa mwekundu na wa moto kama umewekwa kwenye mbabula. Tulimkimbiza lopitali. Microbe zilikuwa zimeingia kwa njia ya mkwaruzo mdogo kwenye kidole. Alipewa antibiotiki, akapona. Na hapo ndipo kine mmoja alituketisha chini, yeye na mimi, akatufundisha mambo ninayowaeleza leo.

Mwilini, zaidi ya damu, kuna maji mengine yanayotembea polepole. Waganga wanayaita limfu. Yanapita mu mishipa midogo sana, na njiani yanachujwa na tezi ndogo kama maharagi. Kwapani ziko nyingi. Kansere ya matiti inapenda kupita hapo, ndiyo maana munganga anazitoa ao anazichoma kwa miale. Ni kazi nzuri, inaokoa maisha. Lakini ni sawa na mfereji wa mtaa: ukiziba, mvua ikinyesha maji yanarudi kwenye viwanja. Limfu ya mkono inakosa njia, inabaki, mkono unavimba. Ugonjwa huo unaitwa limfedema.

Hauambukizi. Si uloji. Si ule mguu wa tembo unaoletwa na mbu na minyoo yao, ijapokuwa macho yanaweza kudanganyika. Kati ya wamama waliotunzwa kansere ya matiti, karibu mmoja kwa watano anaupata. Aliyetolewa tezi nyingi ana hatari zaidi kuliko aliyetolewa moja ao mbili. Mara nyingi unaanza mu miaka miwili ao mitatu ya kwanza, lakini unaweza kungoja hata miaka mingi. Na ba papa msicheke: mwanaume naye anaweza kupata kansere ya titi, na mkono wake ukavimba vilevile.

Utajuaje? Mara nyingi mkono unasema mbele ya kuvimba. Unakuwa mzito. Pete inakaza, bangili haitoki, mkono wa libaya unabana. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Ukishika hapo mapema, kazi ni nyepesi. Ukingoja miaka, nyama inakuwa ngumu na maji hayatoki tena kwa urahisi.

Kwa hiyo fundi wetu alifanya kazi ya munganga bila kujua. Kila mama aliyetunzwa ajipime mara moja kwa mwezi kwa kamba ya fundi: sentimeta 10 chini ya kiwiko, na sentimeta 10 juu yake, mikono yote miwili, mahali palepale kila mara. Aandike mu kaye. Mikono ikipitana sentimeta 2 ao zaidi, asingoje. Aende lopitali, tena aende kwanza lopitali, juu kuvimba kunaweza kuwa na sababu ingine: damu iliyoganda, ao kansere yenyewe. Ni munganga anayetofautisha, si jirani.

Matunzo yako namna gani? Limfedema haiponi kabisa, sitawadanganya. Lakini inatulizwa, sawa vile tunavyoishi na tansio. Kuna mambo manne: kutunza ngozi, mazoezi, kusukuma limfu kwa mikono polepole, na kubana mkono kwa bendi ao kwa soksi ya mkono. Bendi hizo si zile za kuvutika sana za kufunga kifundo kilichoteguka, na usijifunge mwenyewe mbele ya kufundishwa na kine.

Ngozi ni mlango. Paka mafuta, isipasuke. Kata kucha bila kukata nyama. Ukitoa chungu kwenye mbabula, shika kwa kitambaa. Ukisukula nguo ao mawe, vaa ganti, na kidonda kidogo kisukule na sabuni mara moja. Usikubali kuchanjwa kwa wembe kwenye mkono huo ili «damu mbaya itoke». Usifunge kamba ya dawa. Usinunue dawa za kukojoza kwa farmasi, hazitoi maji haya. Na mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa: siku ile ile, lopitali. Hata kama ni usiku.

Juu ya kazi, sasa nasahihisha neno langu la zamani. Mwaka 2009, waganga wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wamama 141 wenye limfedema. Nusu yao walifundishwa kunyanyua vyuma, kuanzia kidogo sana na kuongeza polepole. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wengine. Tena, ugonjwa uliwasumbua mara chache zaidi, na nguvu ziliongezeka. Nyama za mkono zikifanya kazi, zinasukuma limfu. Maana yake: songa bukari, twanga, fagia, inua mkono, pumua. Lakini usitoke kwenye kitanda cha lopitali na kubeba bidoni ya litre 20 ao mfuko wa mawe siku ile ile. Ongeza kidogo kidogo, na ukisikia mkono unakuwa mzito, punguza.

Mama yetu leo anauza unga wa mahindi karibu na nyumba. Mkono haujakuwa sawa na mwingine, lakini umepungua, na anaweza kuubeba unga wake mwenyewe. Kwenye maji ya mawe hakurudi. Hilo aliamua yeye, si mimi.

Sasa naingia kwenye neno lililonileta. Kesi yetu ya kusaidiana inalipa kulazwa, inalipa kuzaa, inalipa kilio. Ni vizuri. Lakini inalipa mambo yenye siku ya kuisha. Limfedema haina siku ya kuisha. Soksi ya mkono inachoka kisha miezi kama 6, na zinatakiwa mbili, moja ikisukuliwa ingine ivaliwe. Transporti ya kwenda kwa kine inarudi kila mara. Mama huyu aliomba msaada mara moja, tukampa. Mara ya pili aliona haya kuomba, na ni wakati huo alipoacha bendi, mbele ya usiku ule wa homa. Naomba tuamue kwamba mwenye ugonjwa wa kudumu asiombe kila mara kama mwenye deni. Apewe sehemu yake kila miezi 6, bila kupiga magoti.

Naomba pia kila mjumbe wa mtaa awe na kamba ya fundi. Na wenye karatasi za lopitali za Zambia wazilete, tutazigeuza mu Kifaransa. Munganga wa hapa akijua tezi ngapi zilitolewa na miale ilipita wapi, hatatunza kwa kubahatisha. Sisi tuliorudi tulibeba masufuria na magodoro. Karatasi tuliziona kama takataka.

Kwenu marafiki wa mbali: soksi za mkono mlizotutumia kwa upendo, nyingi bado ziko mu katoni. Si dharau. Soksi kubwa haisaidii, na iliyo ndogo inakata mkono kama kamba. Tutawatumia vipimo vya kila mama kwanza. Ao mtusaidie kulipa mafunzo ya kine mmoja wa hapa hapa; yeye atabaki wakati katoni imekwisha.

Ba papa, neno la mwisho ni lenu. Mke akirudi lopitali akiwa na titi moja, na mkono ukavimba, maji ya kuchota yako, bidoni iko, mikono yenu ni mizima. Na mkimwona amejifunika kikwembe wakati wa jua, msimpite. Mumuulize: «Mama, mukono iko namna gani?»

Tarehe 8 mama yetu ataandamana na wengine. Fundi ni yule yule. Safari hii amempima mikono yote miwili.