Kodi, Bunduki na Kiwanda: Mapinduzi ya Kisiasa ya Uingereza Yanavyoihusu Fizi



Mada hii inauliza swali la historia kwa ajili ya matumizi ya leo. Kwa nini viwanda vya mashine vilianza Uingereza, na je, misukosuko ya kisiasa iliyotangulia huko katika karne ya 17 ina uhusiano wowote na mwanzo huo? Nitatetea jibu kwamba uhusiano upo, ila haupo pale tunapozoea kuutafuta. Mapinduzi ya Uingereza hayakuvumbua mashine, wala hayakumpa maskini kura. Yalifunga kwa sheria mambo matatu ambayo hapo awali yalitegemea matakwa ya mfalme: kodi, ruhusa ya kufanya biashara, na jeshi. Mwenye mali alipojua kesho atatozwa nini, na nani, alithubutu kuiweka mali yake katika mtambo ambao faida yake ingechelewa miaka mingi. Sisi wa Makobola, Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, tuna ziwa, mito, mawese na dhahabu, lakini viwanda hatuna. Tuna sababu ya kuisoma historia hiyo kwa makini.

Yaliyotokea Uingereza

Wafalme wa ukoo wa Stuart walikuwa na shida moja ya kudumu: matumizi yao yaliwazidi, na Bunge lilikuwa zito kuwapa fedha. Wakatafuta njia za pembeni. Waliuza ukiritimba, yaani haki ya mtu mmoja au kampuni moja kutengeneza au kuuza bidhaa fulani nchi nzima. Mwaka 1624 Bunge lilipitisha sheria ya kuukomesha, likaacha nafasi kwa mvumbuzi wa kitu kipya, naye kwa miaka 14 tu. Hata hivyo Charles I alipata mwanya wa kuuza ukiritimba wa sabuni katika miaka ya 1630. Kuanzia 1629 hadi 1640 alitawala bila kuitisha Bunge, akatoza kodi ya manowari hata katika majimbo yasiyo na pwani. Mwaka 1640 alizuia dhahabu na fedha ambazo wafanyabiashara walikuwa wameziweka kwa usalama katika Mnara wa London, akaziachilia baada ya kukubaliwa mkopo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge vilianza 1642, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme alikatwa kichwa.

Kifo hicho hakikumaliza jambo. Oliver Cromwell alitawala kwa nguvu ya jeshi, ufalme ukarudi mwaka 1660, na mwaka 1672 Charles II alisimamisha malipo kwa mabenki yaliyokuwa yameikopesha serikali, baadhi yake yakafilisika. Kumwondoa mtawala ni jambo moja, na kuufunga utawala kwa sheria ni jambo lingine. Hilo la pili lilifanyika baada ya William wa Orange kuingia na jeshi lake Novemba 1688 na James II, mfalme aliyemfuata Charles II, kukimbia. Tamko la Haki la 1689 liliweka wazi kwamba mfalme hawezi kutoza kodi bila ridhaa ya Bunge, hawezi kusimamisha sheria kwa amri yake, wala hawezi kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge kukubali. Mwaka 1694 ikaanzishwa Benki ya Uingereza, iliyoikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Sheria ya 1701 ikamzuia mfalme kumfukuza jaji kwa sababu tu hukumu yake haikumpendeza.

Wengi hudhani kwamba serikali iliyofungwa hivyo ni serikali dhaifu. Uingereza ilionyesha kinyume chake. Baada ya 1689 kodi zilipanda sana, nazo zilikusanywa vizuri kuliko zamani, kwa sababu waliozipitisha ni wale wale waliokaa bungeni na kuhoji matumizi yake. Wakopeshaji waliamini kwamba watalipwa, na kufikia katikati ya karne ya 18 serikali ilikopa kwa riba ya karibu asilimia 3. Bunge lilipitisha mamia ya sheria za kuruhusu watu binafsi kujenga barabara za kulipia na kuchimba mifereji ya kusafirishia makaa ya mawe. James Watt alipata hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ya injini yake ya mvuke mwaka 1769, na mwaka 1775 Bunge likamwongezea muda hadi 1800, ndipo mshirika wake Matthew Boulton akawa na uhakika wa kutumia fedha nyingi katika kazi hiyo. Richard Arkwright, tajiri wa viwanda vya kusokota pamba, alinyang'anywa hataza yake na mahakama mwaka 1785 baada ya wapinzani wake kuonyesha kwamba haikustahili. Sheria iliyomlinda tajiri mmoja iliweza pia kumkatalia mwingine.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza husema kwamba siri ya Uingereza ilikuwa makaa ya mawe, wala si Bunge. Ni kweli kwamba bila makaa hayo, yaliyokuwa karibu na bahari na mito, injini ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712 isingekuwa na kazi. Ilibuniwa kuvuta maji kutoka migodini, ikila makaa mengi ambayo mahali pengine yangegharimu mno. Lakini makaa yalikuwepo ardhini tangu zamani, na nchi nyingine zilikuwa nayo pia. Mali ya asili hueleza kitu gani kinaweza kutengenezwa. Haielezi ni nani atakayethubutu kukitengeneza. Kama utajiri wa ardhini ungetosha, Kongo ingekuwa nchi ya viwanda kabla ya nyingi za Ulaya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: uhuru huo ulikuwa wa wachache, na mataifa mengine yaliulipia. Hili nalikubali. Ukiritimba wa Royal African Company ulipovunjwa mwaka 1698, walioingia katika nafasi yake ni wafanyabiashara wengi wa watumwa waliojitegemea, na Waafrika waliosafirishwa katika meli za Waingereza wakaongezeka. Bunge lile lile lilipitisha sheria za kuzungushia uzio ardhi ya pamoja ya wakulima, na mwaka 1799 likakataza vyama vya wafanyakazi. Manchester, mji mkuu wa pamba, haukuwa na mbunge wake hadi mageuzi ya 1832. Kwa hiyo ninachosema ni kwamba mapinduzi hayo yalileta uhakika kwa waliowakilishwa, na viwanda vikakua pale uhakika ulipofika. Waliokuwa nje ya Bunge walibeba gharama. Anayetaka viwanda bila dhuluma hiyo inambidi aupanue uwakilishi kuliko walivyofanya wao, tena mapema kuliko wao.

Pingamizi la tatu hutaja Japani ya baada ya 1868, Ujerumani ya Bismarck, au Urusi ya Stalin: huko viwanda vilijengwa chini ya mkono mzito. Ni kweli. Lakini Japani na Ujerumani hazikuwa nchi ambamo kila ofisa alitoza atakavyo. Zilikuwa na sheria za mali, mahakama na watumishi waliofuata kanuni. Urusi ilijenga viwanda kwa kuwalazimisha wakulima hadi mamilioni wakafa kwa njaa. Njia hizo zinathibitisha kwamba Bunge la Kiingereza si mlango pekee. Hazithibitishi kwamba kiwanda huota katika vurugu za kodi na silaha.

Mfalme mmoja, nchi mbili

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ni wa Leopold II. Mtu huyu alikuwa mfalme wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Ubelgiji alifungwa na katiba ya 1831 na Bunge lililopitisha bajeti. Nchi hiyo ilikuwa ya kwanza katika bara la Ulaya kufuata njia ya viwanda ya Uingereza, na reli yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1835. Kongo, kuanzia 1885 hadi 1908, hakuwa na bunge, hesabu za wazi, wala jaji wa kumzuia. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi zote zilizoitwa tupu ni mali ya dola. Makampuni yakapewa maeneo makubwa, na kodi ikawa ni mpira uliotafutwa kwa mjeledi na bunduki. Utawala huo ulisafirisha mpira na pembe, na nyuma yake uliacha vijiji vilivyoteketea. Tabia ya mfalme ilikuwa ile ile katika nchi zote mbili. Tofauti ilikuwa katika waliokuwa na uwezo wa kumkatalia.

Mtu atasema kwamba baadaye Wabelgiji walijenga viwanda Kongo: Union Minière ilianzishwa 1906, na shaba ikaanza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Vilikuwa viwanda kweli, lakini uhakika uliovikuza ulikuwa wa kampuni, na Mkongomani hakuwa mshiriki wake. Baada ya uhuru, uhakika huo haukupanuliwa kumfikia mwananchi. Ulihamia mikononi mwa rais. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza maduka, mashamba na biashara za wageni kuwa mali ya Wazaire, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo, na nyingi zikaangukia watu wa karibu na utawala, waliouza akiba iliyokuwemo wakaacha mitambo ikifa. Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10 ghafla, na waliokuwa na akiba nyumbani wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière na iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990.

Dhahabu na kinu

Kutoka hapo tunafika kwetu. Dhahabu ya Misisi inachimbwa kwa mikono, inanunuliwa na wachuuzi, na sehemu kubwa inavuka mipaka bila kuandikishwa. Wengi huilaumu tamaa ya wachuuzi. Nadhani sababu iko kwingine. Dhahabu huingia mfukoni. Kinu cha kukamulia mawese hakiingii. Mashine ya kusaga muhogo, chumba cha barafu cha kuhifadhi samaki wa ziwa, karakana ya kuchomelea vyuma: vyote hivi husimama mahali pamoja, vikaonekana na kila mwenye kutaka kutoza. Penye barieri nyingi barabarani, kila moja na bei yake, mwenye akili huiweka mali yake katika kitu kinachoweza kukimbia naye. Hata sukari ya Kiliba, karibu na Uvira, iliyokuwa kiwanda halisi chenye mashamba yake, ilisimama vita vya 1996 vilipofika bonde la Ruzizi. Na juu ya kodi kuna bunduki. Kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 mamia ya wanakijiji waliuawa hapa Makobola na vijiji jirani, na watu wenye silaha ambao hakuna baraza la wananchi lililoweza kuwahoji. Waingereza walipoandika mwaka 1689 kwamba jeshi liwe chini ya ridhaa ya Bunge, walikuwa wameonja utawala wa wanajeshi. Sisi tumeonja zaidi.

Lipo pia pingamizi kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mbembe anayeijua lubunga, baraza la wazee la kijiji, hawezi kulikubali kwa urahisi. Wazee walikaa lubungani wakajadili mambo ya kijiji, na katika jumuiya ya Bwami cheo kilipatikana kwa ngazi na kwa kukubaliwa na wenzake, hata mtu mmoja asiweze kujitwalia mamlaka yote. Utawala wa Kibelgiji uliipiga Bwami marufuku, ukapenda chifu mmoja wa kumwamuru. Siwasifu wa kale kupita kiasi, kwani wanawake na vijana hawakuwa na sauti sawa katika vikao hivyo. Lakini wazo la kumfunga mwenye mamlaka kwa maneno ya wengi lina mizizi hapa.

Hoja za kujadili

Sheria tulizo nazo zinatosha kuanzia. Katiba ya 2006 inazipa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yazuiliwe huko huko yanakokusanywa, na inatambua sekta, yaani sehemu ya teritwari, kuwa utawala wenye hesabu zake. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaigawa mirabaha ya madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, uchifu au mji husika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kinachokosekana ni baraza la sekta lililochaguliwa na wananchi, lenye nguvu ya kukataa. Kwa hiyo naomba semina ijadili mambo matatu. Kwanza, orodha moja ya kodi zote halali za sekta nne za Fizi ibandikwe sokoni na bandarini, na atozaye nje ya orodha hiyo ashitakiwe. Pili, mapato na matumizi ya sekta yasomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, mbele ya wavuvi, wakulima, wachimbaji na kina mama wa sokoni, bila kungoja uchaguzi wa mabaraza. Tatu, barieri za wenye silaha zihesabiwe na taarifa ipelekwe kwa msimamizi wa teritwari na bunge la jimbo, kwa sababu hakuna kodi halali inayokusanywa kwa mtutu.

Hatua hizi hazileti kiwanda kesho. Kati ya Tamko la Haki na injini ya Watt ilipita miaka 80, na sisi hatuna haja ya kungoja kiasi hicho, kwani mashine zimekwisha kuvumbuliwa na zinauzwa. Kinachobaki ni kumhakikishia anayetaka kununua kinu Baraka au Makobola kwamba mwakani kitakuwa bado chake, na kwamba kodi atakayolipa ataisikia ikisomwa.