Nchi Isiyotaka Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani.

Leo nataka nikupeleke mbali, Antaktika, kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia. Huko hakuna miji wala wenyeji. Wanaokwenda ni wanasayansi na watalii, kisha hurudi makwao.

Mwaka 2008 Mbelgiji mmoja, Niels Vermeersch, alijitangazia nchi huko. Akaiita Flandrensis, akadai visiwa vitano vya Antaktika ya Magharibi: Siple, Cherry, Maher, Pranke na Carney. Nchi hiyo ina bendera na ina raia mamia kutoka mataifa mbalimbali. Lakini hakuna serikali hata moja duniani inayoitambua.

Utasema, si mchezo wa watoto huo? Ngoja kwanza. Mkataba wa Antaktika ulitiwa sahihi mwaka 1959 na nchi 12. Saba kati yao zilikuwa zikidai vipande vya ardhi ile. Mkataba ukayasimamisha madai hayo, na ukakataza madai mapya. Vermeersch anasema mkataba umezifunga serikali, haukumfunga mtu binafsi. Hoja hiyo haijampatia hata jiwe moja. Lakini sikiliza anachokitaka: hataki kujenga, hataki kuchimba. Anasema yake ndiyo nchi pekee isiyotaka watu katika ardhi yake! Ibaki barafu na wanyama, na walimwengu wazinduke kuwa barafu ile inayeyuka.

Basi ndugu yangu, wengi hugombania ardhi ili waitumie. Huyu anaidai ili isiguswe. Na kwetu sisi Waislamu fikra hii si ngeni. Makka ni haram: hawindwi mnyama wake, haukatwi mti wake. Mtume (S.A.W.) akaifanya Madina nayo kuwa haram, akaiwekea mipaka. Aliyevaa ihram haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Zaidi ya karne 14 tunafundishwa kuwa kuna mahali na kuna wakati ambapo mwanadamu huuzuia mkono wake.

Sasa, barafu ya mbali hivyo yatuhusu nini? Antaktika imebeba takriban asilimia 90 ya barafu yote ya dunia. Ile ya upande wa magharibi peke yake, lau ingeyeyuka yote, ingeinua bahari kwa zaidi ya mita tatu. Si jambo la kesho, lakini bahari imeshaanza kupanda: tangu mwaka 1900 imepanda kama sentimita 20. Na bahari ni moja, yafika mpaka Lamu na Mombasa. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Je, chumvi ikiingia humo, watu watakunywa nini?

Ni kweli, moshi ulioipasha dunia joto sehemu kubwa haukutoka kwetu. Tuna haki ya kulisema hilo, tena kwa sauti. Lakini kosa la jirani haliniondolei mimi amana yangu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, maji yasiyofika lita. Sisi twaufungua mfereji, twapiga gumzo, maji yamwagika tu. Futari ya watu wanne yapikwa ya watu kumi, na asubuhi sambusa na kaimati ziko jaani. Mchana tumefunga, usiku twafanya israfu. Hii ni saumu gani?

Shime vijana wenzangu! Tawadha kwa kopo. Chakula kikizidi, kimfikie jirani kabla ya Isha, kingali kitamu. Mfereji wa msikiti ukivuja, usimngoje imamu, changeni mkautengeneze. Vermeersch hana jeshi wala hazina, na bado anapigania pahali asipoishi. Wewe una msikiti, una mtaa, na una mwezi mzima wa kujizoeza kujizuia.

Allah atutakabalie saumu zetu, na atujaalie tuwe walinzi wa amana Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.