Kumwajiri Mpiga Kodiani Katika Harusi



Ndoa ya Kiislamu yatimia kwa walii, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli, pamoja na mahari ya mke. Kodiani haimo. Lakini karamu ni sunna, na dufu limeruhusiwa ili ndoa itangazwe. Hapo ndipo watu wa Arua na Koboko huongeza yao: Wanubi wana doluka yao, na wengine humwita mpiga kodiani.

Chombo hiki si kigeni kwa majirani. Huko Omdurman hupigwa pamoja na fidla; Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kilimpatia sifa Camille Feruzi; na Unguja kimo katika taarabu. Kilisajiliwa Vienna mwaka 1829, basi mafakihi wa kale hawakukitaja kwa jina. Hupimwa kwa hukumu ya ala nyinginezo, nayo ina hitilafu: jumhuri ya wanavyuoni hukataza, na Ibn Hazm aliruhusu. Yafaa mwenye harusi amwulize sheikh wake kabla ya kutoa arbuni, wala si baada ya wageni kuketi.

Akishaamua, hapo ndipo wengi hukosea. Mpigaji huambiwa, “Njoo tu, tutaelewana.” Maskini hutoka Arua na sanduku lake, kilomita zipatazo 55 hadi Koboko, akapiga hata usiku ukawa mkubwa. Asubuhi wajomba huanza hesabu. Huyu asema amekula pilau. Yule asema akina mama wamemtuza vya kutosha. Lakini pilau ni haki ya mgeni, na tuzo ni hiba ya aliyetoa. Havipunguzi ujira ila kwa sharti lililotajwa tangu awali. Katika ijara, kazi ijulikane na malipo yajulikane. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi mambo haya yasemwe mbele ya mashahidi: ataanza baada ya Isha au lini, atakoma saa ngapi, nauli juu ya nani, atalala wapi.

Tena kodiani ina tabia yake. Sauti hutoka katika vilimi vya chuma ambavyo havikazwi wala kulegezwa ukumbini kama nyuzi za udi. Kwa hiyo udi na fidla huifuata yenyewe, na mwimbaji aijaribu sauti yake mapema, asije akakwama mbele ya watu. Isipakiwe juu ya gari wakati wa mvua, kwani unyevu huharibu vilimi na mivukuto.

Na bwana arusi ambaye bado anakopa mahari, amwache mpigaji huko Arua. Ngoma za doluka zimo mtaani, na shangazi zake wazijua.