Kioo kwanza, mbao baadaye



Vijana wa atelie yetu hapa Baraka wanatengeneza sanduku la michezo ya zamani, kama Pac-Man ya mwaka 1980, juu watoto waliozaliwa kambini Tanzania na wale waliobaki huku wacheze pamoja. Ninawaomba: musikate bado tundu la kioo. Kioo ndicho kinapima mbao.

Mzee mmoja ametutolea televizyo yake ya mgongo munene. Aksanti kwake. Picha yake inafaa kabisa, lakini ni nzito, itamaliza batri zetu za jua, na umeme mkali unaweza kubaki ndani hata ukisha kuchomoa waya. Kijana asiifungue.

Mimi ninapendekeza kioo bapa cha kompyuta ya ofisi, inchi 19, kile cha karibu mraba. Umbo lake ni 5 kwa 4. Michezo mingi ile ni 4 kwa 3. Kioo kipana cha leo kitaacha weusi huku na huku. Na kwa sababu Pac-Man inachezwa kioo kikiwa wima, tukifunge kwa namna ya kukigeuza.

Halafu mtoto mufupi asimame mbele, tuone. Vioo vingine, ukiviangalia kutoka chini, picha inakuwa giza. Tukiinamishe mupaka aone vizuri, njo tukate.

Mbao ile ni franka za mfuko wetu wa kusaidiana. Haraka haraka haina baraka, na sisi ni watu wa Baraka.