Motakaa Iliyolala Nyuma

Maneno yaliyosemwa mbele ya wenye magari na mafundi wa Nkende, Tarime



Nimeombwa kusema habari za motakaa kuukuu zilizolala nyuma. Kila siku ya soko twaziona: Land Rover iliyokwisha kuzeeka, imejaa ndizi, mahindi na watu, pua yake yatazama mbinguni. Mwenyewe husema, "Ni mzigo tu." Lakini akiisha kushusha mzigo wote, na gari lingali limechuchumaa, huo si mzigo tena, ni ugonjwa. Magurudumu ya mbele hukanyaga kwa wepesi, usukani hautii vema, na usiku taa humpofusha ajaye. Katika mteremko wenye matope wakati wa masika, jambo hili laweza kuua watu.

Kosa kubwa ni kununua dawa kabla ya kuutambua ugonjwa. Wengi hukimbilia shokapu mpya. Jueni kwamba kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko. Uzito wa gari huchukuliwa na springi.

Basi, lisimamisheni gari tupu mahali tambarare, jazeni matairi upepo sawasawa, kisha pimeni toka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto. Pande zote mbili zikiwa zimeshuka, yaelekea springi zimechoka, zimenyooka. Ukishuka upande mmoja, safisheni matope na kutafuta bamba lililovunjika, bushi zilizolika, au fremu iliyopasuka. Gurudumu likiwa limesogea mbele au nyuma, ichunguzeni bolti ya katikati ya springi, huenda imekatika. Tena, katika Land Rover nyingi za zamani springi ya upande wa dereva hupindwa zaidi kidogo kuliko ya pili. Azibadilishaye mahali hupata gari la kuinama, hata springi zikiwa mpya.

Mimi nami nilikosa zamani. Niliongeza mabamba mawili juu ya springi zilizochoka. Gari likainuka, nikafurahi. Lakini ugumu ule ulipeleka mshindo wote katika fremu, nayo ikapasuka. Gharama yake ilizidi bei ya springi mpya. Kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kadhalika msitie springi motoni ili kuipinda upya. Chuma kikipashwa moto ovyo hupoteza nguvu yake ya kurudi, na baada ya siku chache gari hulala tena, au bamba hukatika njiani. Mfua chuma aweza kufua panga zuri kwa springi kuukuu. Lakini panga halichukui abiria.

Dawa ya kweli ni springi nzima, mbili pamoja, na bolti mpya za kuzifunga katika ekseli. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likisimama juu ya magurudumu yake, la sivyo bushi zitajipinda na kuharibika upesi. Baada ya safari chache za kwanza, kazeni bolti za ekseli tena.

Na neno la mwisho, vijana: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni magogo manene chini ya fremu, wala si matofali, maana tofali hupasuka ghafula. Springi hununuliwa, mtu hanunuliwi.

Nimekwisha. Kwa herini.